Mashimo Mawili ya Brumadinho



Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi na sanaa ya kisasa ni mbalimbali. Lakini nyumba yetu ya malezi huku Brazili ilipanga safari ya siku moja kwenda Inhotim, makumbusho ya wazi yaliyoko Brumadinho, kama kilomita 60 kutoka Belo Horizonte. Jamani, ile bustani! Michikichi ya kila aina, mabwawa, na katikati ya miti unakutana na kazi za wasanii. Moja ya Chris Burden ni mihimili ya chuma 71 iliyoangushwa na kreni kutoka juu mita 45 kwenye zege bichi, ikabaki imesimama hovyo hovyo. Frateri mwenzangu akaninong'oneza, "Kaka, kwetu fundi akiacha kazi hivi halipwi."

Nilicheka, ila moyoni sikutulia. Mwanzilishi wa Inhotim, Bernardo Paz, alitajirika kwa madini ya chuma. Na tarehe 25 Januari 2019, katika manispaa hiyo hiyo, bwawa la tope la mgodi wa chuma lilipasuka, watu 270 wakafa. (Mgodi ule haukuwa wake, tuseme haki.) Baadhi ya wafanyakazi wa bustani walipoteza ndugu zao. Sasa mimi napiga picha na maua?

Nikajikuta upande wa Yuda. Mnakumbuka Yohane 12: kwa nini marhamu haya yasiuzwe dinari 300, wapewe maskini? Ukiweka pembeni nia yake ya wizi, hoja yenyewe ingepata alama nzuri tu kwenye darasa la mantiki. Lakini Yesu aliihusisha marhamu ile na maziko yake. Yaani, yule mama hakumwaga manukato ili asahau kifo. Alimpaka mtu anayekwenda kufa. Labda hapo ndipo pa kuuliza: uzuri huu unanigeuzia uso upande gani?

Juu ya kilima kuna chumba cha kioo cha duara, kazi ya Doug Aitken ya mwaka 2009. Katikati kuna shimo la mita 202, ndani yake maikrofoni, na unasikia ardhi inavyonguruma muda huo huo. Mgodi huchimba ili utoe. Hili limechimbwa ili mtu asikilize. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ninavyokaa kwenye tafakari ya asubuhi, Padre mlezi anisamehe.

Swali la fedha sijalimaliza, siwadanganyi. Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja wa parokia aliyetuongoza alinionyesha benchi chini ya mti. Kaka yake alikuwa mgodini siku ile. Akasema siku akipata nafasi huja kukaa hapo tu. Sikupata la kusema. Nikakaa naye mpaka basi likapiga honi.