Mwenye Wimbo ni Nani?

Katika mambo yanayohusu utamaduni wa taifa letu liko swali moja liulizwalo kwa nadra, nalo ni hili: wimbo ni mali ya nani? Je, ni mali ya yule aliyeutunga, au ni mali ya wale wanaouimba? Wengi hulidharau swali hili kwa kuwa wimbo haushikiki wala hauna uzito. Mwizi wa mbuzi humwacha mwenye mbuzi na zizi tupu, lakini aliyechukua wimbo humwacha mtunzi na wimbo wake uleule. Basi ameiba nini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na kuonyesha kwamba jibu lake lilikuwamo katika desturi zetu kabla ya kuja kwa sheria za vitabu.

Tuanze na hoja ya wale wasemao kuwa wimbo ni wa wote, kwa maana hoja yao si dhaifu. Hakuna mtunzi atungaye kutoka katika utupu. Lugha aliipokea kwa mama yake, mahadhi aliyasikia ngomani, na misemo aliikuta vinywani mwa wazee. Tena wimbo usioimbwa na watu hufa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, hakuacha diwani iliyochapwa. Tungo zake zilidumu kwa kuwa watu walizihifadhi vichwani, hata Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor wakaja kuzikusanya, na hatimaye zikapigwa chapa mwaka 1940. Lau watu wa Mombasa wangengojea ruhusa ya mtunzi ndipo wazikariri, leo tusingekuwa na Muyaka. Hata Wimbo wetu wa Taifa una mahadhi yaliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, na mahadhi hayohayo huimbwa Zambia na huko kwao. Nani atathubutu kusema kwamba Watanganyika waliosimama wima wakauimba mwaka 1961 walikuwa wezi?

Lakini na tuangalie kwa makini. Katika mifano yote miwili jina la mtunzi halikufutwa. Tungo za Muyaka zilipita vinywani mwa watu zikiitwa za Muyaka. Sontonga naye, mwaka 1996 serikali ya Afrika Kusini ililitangaza kaburi lake kuwa kumbukumbu ya taifa. Washairi wa Kiswahili wanaijua siri hii tangu zamani, ndiyo maana wengi wao huliweka jina katika beti za tamati. Mshairi huona fahari mwenzake anapoyachukua maudhui yake, na pengine vina vyake, akamjibu gazetini. Huona uchungu shairi lake linaposomwa jukwaani kwa jina la mtu mwingine. Maneno ni yaleyale na mizani ni ileile. Palipo na jina pana mazungumzo, na pasipo na jina pana dhuluma.

Jibu kamili zaidi tunaweza kulipata katika milima ya Upare. Msomaji aliyepita katika vijiji vya bonde la Makanya, kama vile Bangalala, wilayani Same, ameziona ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa kwa mikono ya watu ili likusanye maji ya kijito usiku, kisha mchana lifunguliwe, maji yateremke kwa mfereji hadi mashambani kwa zamu. Mvua inyeshayo juu ya Shengena, kilele chenye mita 2,462, haikuumbwa na mwanadamu, wala hakuna ukoo uwezao kusema kwamba mawingu ni yake. Lakini ndiva imechimbwa. Ndiva nyingi za zamani zilianzishwa na koo, na haki ya kugawa maji ilitokana na jasho lililomwagika. Anayetaka maji hufika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kuzoa tope. Asiyefika hutozwa faini. Na mtu anayenyemelea usiku akaifungua ndiva nje ya zamu yake huhesabiwa kuwa mkosaji, ijapokuwa maji ni ya Mungu, na ijapokuwa kesho ndiva itajaa tena.

Basi lugha na mahadhi ya wazee ndiyo mvua. Wimbo ndio ndiva. Mtunzi hakuiumba mvua, lakini amechimba mahali pa kuikusanya. Wenzake wana haki ya kunywa, na yeye ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mchimbaji, na kuona wanywaji wanashika jembe pamoja naye.

Labda msomaji atapinga akisema: maji yakichukuliwa hupungua, lakini wimbo haupungui. Ni kweli, wimbo wenyewe haupungui. Kinachopungua ni riziki na heshima ya mtunzi. Tuseme mama mmoja wa Mamba ametunga wimbo wa kulimia tangawizi. Majirani wanauimba shambani na arusini, naye hufurahi, kwa maana mcheza kwao hutunzwa: hupewa khanga, hupewa mahali pa mbele, na kila mtu anajua wimbo ni wa nani. Hapo hakuna deni. Kisha anakuja kijana mwenye simu, anaunasa wimbo, anakwenda nao studio mjini, na baada ya miezi michache wimbo unavuma redioni kwa jina la kijana. Mama anausikia akiwa gulioni anauza tangawizi. Si kwamba amesahau kuuimba. Lakini akiuimba sasa, watoto watamwambia kwamba anamwiga msanii wa mjini. Amenyang'anywa ushahidi wa kuwa yeye ndiye yeye. Hicho ndicho kilichoibwa.

Mambo ya namna hii yametokea, tena kwa kiasi kikubwa. Wimbo wa Malaika, unaosimulia kijana asiye na mali ya kumwolea mpenzi wake, ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya, na katika sahani nyingi yeye ndiye anayetajwa kuwa mtunzi. Lakini Adam Salim naye alidai kwamba aliutunga katika miaka ya 1940, na wako wengine waliodai hivyo. Miriam Makeba aliuimba, na kundi la Boney M likauimba mwaka 1981. Wimbo wa mtu aliyekosa fedha ukawapatia fedha watu wa mbali, na wenye madai wakabaki wakibishana. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisa cha Solomon Linda ni kichungu zaidi. Huyu alirekodi wimbo wa Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo huo ukageuzwa kwa Kiingereza, ukavuma Marekani mwaka 1961, na baadaye ukaingia katika filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Warithi wake walikuja kupata suluhu mwaka 2006, wakitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Hapa tunajifunza kwamba karatasi iliyotiwa saini si lazima iwe haki. Mnyonge mwenye njaa hutia saini chochote.

Hata hivyo haki ya mwenye mali nayo ina mpaka wake. Katika vibanda vyetu vya video walitokea watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambao walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza mizaha na mafumbo ya kwetu. Kwa mizani ya sheria, kazi ya namna hiyo hutaka ruhusa. Kwa mizani ya utamaduni, waliwafungulia mlango watu wasiojua Kiingereza, na usimulizi wao ulikuwa sanaa. Huko Marekani nako, wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi za Star Trek walikusanya zaidi ya dola milioni 1 kwa wananchi ili watengeneze filamu yao iitwayo Axanar. Mwaka 2015 kampuni zenye hadithi hiyo ziliwashtaki, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka 2017. Mwaka 2016 kampuni hizo zilitoa masharti: wapenzi wanaweza kutengeneza filamu fupi, pasipo kulipana ujira wala kujipatia faida. Masharti yale ni makali, lakini ndani yake mna busara ya ndiva: kunywa, ila usiuze maji.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi mara tu kazi yake inapokuwapo, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Inatambua haki ya kipato na haki ya kutajwa jina. Tena inazikumbuka sanaa za jadi, na kutaka idhini kabla hazijafanywa biashara nje ya desturi zake. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao bila ruhusa. Lakini mama wa Mamba hana wakili. Sheria humfaa anayejua kwamba ipo.

Kwa hiyo kazi kubwa imo mikononi mwa walimu na wanafunzi. Mwanafunzi akitumwa kukusanya nyimbo za kijiji chake, na aandike jina la aliyeimba, mahali, tarehe, na jina la mtunzi kama linajulikana. Kwaya ya shule ikiimba wimbo wa mtu, na itamke jina lake mbele ya wasikilizaji. Wapare waliokusanyika Same kwa maelfu mwaka 1945 hawakukataa kulipa kodi. Walikataa mbiru, kodi iliyokadiriwa juu ya mali zao pasipo ridhaa yao. Mtunzi naye hakatai kugawa. Anataka aulizwe.

Wimbo, basi, una mwenyewe, na una wenyewe. Tukimsahau wa kwanza, chemchemi ya utunzi itakauka, kwa sababu hakuna achimbaye ndiva ili wanyemelezi wanywe. Tukiwasahau wa pili, wimbo utafungiwa sandukuni na kuoza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mtunzi, isiyomgharimu mtu hata senti moja, ni jina lake.