Ukweli Mmoja, CV Tofauti



Vijana wapendwa, leo fungua Matendo ya Mitume, sura ya 21 hadi 23. Paulo amekamatwa Yerusalemu. Kwa jemadari wa Kirumi anaongea Kigiriki. Muda mfupi baadaye anageukia umati wa Wayahudi, anaongea Kiebrania, na kujitambulisha kuwa ni Myahudi, mzaliwa wa Tarso, mwanafunzi wa Gamalieli. Wanapotaka kumchapa, anamwambia akida kwamba yeye ni raia wa Rumi. Kesho yake, mbele ya Baraza, anasema ni Farisayo.

Je, Paulo ni kinyonga? Hapana. Yote hayo ni kweli. Anachagua tu ukweli unaomgusa anayemsikiliza.

Sasa tuje kwetu, Kasulu na Kibondo. Tangazo la kazi likibandikwa, vijana wengi tunakimbilia steshenari na kutoa kopi ya CV ileile ya mwaka juzi. Udereva, ileile. Ualimu, ileile. Halafu tunasema kazi ni za kujuana. Wakati mwingine ni kweli, lakini na sisi tumefanya sehemu yetu?

Chukua mfano huu. Shirika linatafuta mhamasishaji wa afya kambini Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea Warundi. Wewe umekua ukiongea Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu. Mama Mrundi akieleza homa ya mtoto wake, unamwelewa. Mbona kwenye CV umeandika Kiswahili na Kiingereza tu? Kiha kiweke juu kabisa! Kesho anatafutwa mtunza stoo kule Nyarugusu. Hapo tanguliza ile miaka uliyokuwa mweka hazina wa VIWAWA parokiani: daftari la michango, risiti, taarifa ya mapato na matumizi. Mtu ni yuleyule, ila anayesoma ni mwingine na anatafuta kitu kingine.

Basi soma tangazo mara mbili. Pigia mstari mambo matatu wanayoyataka. Kwa kila moja, andika kitu ulichokifanya kweli.

Nimesema ulichokifanya KWELI. Kuchagua si kudanganya, ila kuongeza ni kudanganya. Miezi mitatu ya kujitolea isigeuke miaka mitatu. Cheti cha kaka yako kibaki cha kaka yako. Amri ya nane haina likizo wakati wa kutafuta ajira. Na uongo huo una mtu anayeulipia: ukikabidhiwa stoo na leja huijui, mgao unaopotea ni wa mama mwenye watoto, amesimama kwenye foleni tangu alfajiri.

Mwisho, ndugu yangu, usipoitwa kwenye usaili, usijione si kitu. Katika Wafilipi sura ya 3, Paulo anaorodhesha sifa zake zote, kabila, Ufarisayo, bidii, halafu anasema ni hasara tupu akilinganisha na kumjua Kristu. CV inakuombea kazi. Thamani yako uliipata Ubatizoni, na hakuna ofisi inayoweza kuikataa.

Tusali: Bwana, nipe macho ya kuona vipaji ulivyonijalia, na ulimi usioongeza hata kimoja. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.