Hasira Mbele ya Sanduku la Kura

Tarehe 20 Desemba 2023 wananchi wa Kongo waliitwa kumchagua Rais na wajumbe wao. Mahali pengi vituo vilichelewa kufunguliwa: vifaa vilikuwa havijafika, au mashini za kupigia kura zilikataa kufanya kazi. Tume ya Uchaguzi ikalazimika kuongeza muda. Katika Masisi, ambamo Kirotshe imo, na katika Rutshuru, uchaguzi haukufanyika kwa sababu ya vita.

Hapo lazuka swali. Mtu amesimama tangu alfajiri, mlango haufunguliwi, naye asikia kwamba kura zinaibwa. Je, ana haki ya kulivunja sanduku? Wengine hujibu: “Dawa ya moto ni moto.”

Lakini yafaa kulitazama sanduku lenyewe. Ndani yake karatasi zote zimechanganyika: ya mjane, ya mvuvi, ya kijana, na ya yule aliyehongwa. Hakuna awezaye kuichoma ile mbaya na kuziacha njema. Basi avunjaye sanduku hamwadhibu mwizi; awanyang'anya sauti majirani ambao hawakumkosea neno.

Mfano upo. Mnamo Januari 2024 Tume iliufuta uchaguzi wa wajumbe katika Masimanimba na Yakoma, ikawaondoa wagombea 82 wa sehemu mbalimbali za nchi. Iliwashtaki kwa udanganyifu, kwa kuharibu vifaa, na kwa kushika mashini za kura bila ruhusa. Makosa yalikuwa ya wachache. Lakini katika sehemu zile mbili hata wapiga kura waaminifu walipoteza kura zao, wakangoja mpaka Desemba 2024 kupiga tena.

Je, yampasa basi aliyedhulumiwa kunyamaza? Hasha! Saburi si kunyamaza. Na abaki katika mstari wake, aulize, ashuhudie yale aliyoyaona wala si yale aliyoyasikia, na apeleke mashtaka yake mbele ya waamuzi. Naye mwenye kazi aliyechelewesha kituo kwa uzembe au kwa hila, hatia yake ni kubwa kuliko hasira ya mwananchi.

Watu wa Kirotshe hawakuletewa hata sanduku. Haki yao haikufa kwa sababu hiyo. Deni hubaki deni, ingawa siku ya kulipa imepita. Na waidai. Lakini wasiidai kwa bunduki, maana bunduki ndiyo iliyowanyima.