Mtoto Aliyefariki Kabla ya Ubatizo



Katika jumuiya moja hapa Kiganjo, mume na mke walipata mtoto wao wa tatu mwezi wa Oktoba. Walikubaliana abatizwe wakati wa Krismasi, jamaa wakija kutoka Nairobi, wapate kuchinja mbuzi na kumvika mtoto nguo nyeupe. Usiku mmoja wa Novemba mtoto alishikwa na nimonia. Kabla gari halijapatikana, alikata roho mikononi mwa mama yake.

Baada ya mazishi, mume alimwambia mkewe, "Wewe ndiwe uliyetaka sherehe." Mama mkwe, aliyefundishwa katekisimu ya zamani, alisema mtoto yuko Limbo na hatamwona Mungu kamwe. Wenzi hao walikuja kwangu wakiwa hawasemezani. Nami, kwa kuona machozi ya yule mama, nikajibu upesi: "Mama, nyamaza. Mtoto yuko mbinguni, hakuna shaka." Mume akaniangalia, akaniuliza: "Mwalimu, kama hakuna shaka, mbona kila mara unatuhimiza tubatize watoto mapema?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa padre, nikauliza na kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, yako mambo tuliyo na hakika nayo. Bwana alimfundisha Nikodemo kwamba mtu hana budi kuzaliwa kwa maji na kwa Roho (Yn 3:5). Kwa hiyo Kanisa halijui njia nyingine ya hakika ya kumfikisha mtu mbinguni ila Ubatizo. Pia tuna hakika kwamba Mungu anataka watu wote waokoke (1 Tim 2:4), na kwamba Yesu alichukizwa wanafunzi walipowazuia watoto wasimkaribie (Mk 10:14). Yote haya ni kweli, na hatuna ruhusa ya kuacha hata moja.

Pili, liko jambo ambalo hatukufunuliwa waziwazi, yaani namna Mungu anavyomtendea mtoto aliyefariki bila maji ya Ubatizo. Mtakatifu Augustino aliona kwamba mtoto huyo hupata adhabu, ijapokuwa nyepesi kuliko zote. Walimu wa karne za kati waliona hilo ni zito mno, wakafundisha Limbo, hali isiyo na maumivu lakini isiyo na kumwona Mungu. Mafundisho hayo yalienea sana, lakini Kanisa halikuyafanya kamwe kuwa sehemu ya imani inayomfunga kila Mkatoliki. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ilitoa maandishi juu ya swali hili. Ilisema tuna sababu nzito za kutumaini kwamba wanaokolewa, lakini ikaongeza kuwa hayo ni matumaini yanayokwenda pamoja na sala, wala si ujuzi wa hakika.

Basi mimi na yule mama mkwe tulikosa kosa moja. Yeye alifunga mlango ambao Kanisa halijaufunga. Mimi nilidai kuwa na ufunguo ambao sikupewa.

Labda utasema, msomaji, kwamba matumaini ni kitu kidogo kwa mama anayelia. Sivyo. Mwezi wa Julai sisi wa Kiganjo twaweza kukaa siku nyingi bila kuuona Mlima Kenya kwa sababu ya mawingu, na hakuna anayesema mlima umehama. Hatujui kila tendo la Mungu, lakini twamjua Mungu mwenyewe. Nanyi siku ya arusi hamkujua ugonjwa wala umaskini utakaokuja. Mlimwamini mtu, mkaweka ahadi.

Wala matumaini hayaleti uvivu. Mwenye heri Irene Stefani, ambaye watu wetu walimwita Nyaatha, alihudumu katika hospitali za wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huko Voi, Kilwa na Lindi, akiharakisha kuwabatiza waliotaka kabla hawajafa. Alitangazwa mwenye heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Aliifuata njia iliyo ya hakika kwa nguvu zake zote. Waliobaki nje ya uwezo wake walibaki mikononi mwa Mungu.

Kwa hiyo, wanandoa, shikeni haya. Mtoto abatizwe katika majuma ya kwanza, kama Sheria ya Kanisa inavyoagiza (kanuni 867). Mbuzi anaweza kungoja. Kukiwa na hatari ya kifo, mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa aweza kumbatiza mtoto kwa maji, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto akifariki kabla, nanyi mlikusudia abatizwe, mwoneni padre, maana Askofu aweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa (kanuni 1183). Na kamwe usilitumie fundisho la imani kumpiga mwenzako aliye na majonzi.

Nilirudi kwa wale wenzi, nikayasahihisha maneno yangu. Mama alisema, "Sasa naweza kumwombea. Uliposema hakuna shaka, uliniachia nini cha kuomba?" Mume alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mkewe mbele yangu, "Hata mimi nilimtaka yule mbuzi."

Mtoto wao wa nne alibatizwa akiwa na majuma matatu. Tulikunywa chai kwa mkate.

Jadilianeni usiku huu: Je, kuna jambo ambalo umekuwa ukimlaumu mwenzako kwa jina la dini, na kumbe mlilitaka wote wawili?

Mungu azibariki ndoa zenu.