Sifa za Mchezaji Aliyekufa

Joe Kadenge wa Kenya alifariki tarehe 7 Julai 2019. Alicheza mpira wa miguu katika miaka ya 1950 na 1960, na wengi wamsifuo hawakumwona kamwe, walimsikia redioni tu, mtangazaji akisema, “Kadenge na mpira!”

Basi twauliza: mtu asifuye madaha asiyoyaona, je, asema uongo? Swali hili latufaa hata sisi wa Ruhuwiko, maana nasi tuna wachezaji wetu wa zamani na wasimulizi wao.

Magoli huandikwa, nayo huhesabika. Lakini jinsi mguu ulivyougusa mpira kwa upole, mlinzi akaachwa akitazama upande mwingine, hayo hakuna daftari liwezalo kuyatunza. Yakaa machoni pa waliokuwapo, nao wapungua kila mwaka.

Twaona kwamba azidishaye hesabu ya magoli adanganya, hata akisema kwa upendo. Bali asemaye, “Nalifurahi hata nikasahau njaa,” ashuhudia jambo lake mwenyewe, nani atamkanusha? Na yule wa redioni? Naye aliipokea furaha ya kweli, ila na aseme, “Nalisikia,” asiseme, “Naliona.” Wengi hawaipendi tofauti hiyo, kwa kuwa neno “naliona” lina utamu kinywani.