Dhamana ya Njia

Njia ni kitu cha ajabu. Si mali ya mtu mmoja, wala si mali isiyo na mwenyewe. Kila aipitaye huwa kama ameazimwa kwa muda, kisha huiacha nyuma yake kwa ajili ya wengine. Kwa hiyo swali la jinsi watu wapaswavyo kuenenda njiani ni swali kongwe katika maadili, na watu wa Tabora wana haki ya kulijadili, kwa maana mji wao ulikuzwa na njia. Kabla ya reli kuufikia mwaka 1912, mji huu ulikuwa makutano ya misafara. Barabara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa Unyanyembe, tawi moja likaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na jingine likapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda.

Katika makala haya twakusudia kuuliza jambo moja ambalo kwa juujuu ni la askari wa usalama barabarani na mahakama, lakini kwa undani wake ni la utu. Mtu aendeshaye gari au pikipiki bila leseni halali au bila bima, akafika salama aendako bila kumgusa mtu, amemkosea nani?

Sheria hujibu pasipo kusita. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamkataza mtu kuendesha chombo cha moto bila leseni ya aina ya chombo kile, na yamkataza mwenye chombo kumpa asiye na leseni. Sheria ya Bima ya Magari, ambayo ni Sura ya 169 ya sheria zetu, yakataza chombo kutumika barabarani pasipo bima ya kuwafidia watu wengine watakaokufa au kuumia kwa sababu yake. Hii ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Tena sheria haimtazami dereva peke yake, bali humfikia na yule aliyeruhusu. Adhabu ni faini au kifungo, na mahakama yaweza kumwondolea mkosaji haki ya kuwa na leseni kwa muda. Makosa haya hayangojei damu. Hukamilika mara gurudumu linapoingia barabarani.

Hapo ndipo vijana wetu madarasani hupinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Husema: Mwizi ameiba kitu, mpigaji amempiga mtu, huyu aliyeendesha vizuri hana alilochukua wala aliyemuumiza. Mbona anaadhibiwa kwa jambo ambalo halikutokea? Na wengine huongeza ile methali isemayo kwamba ajali haina kinga: ikiwa imeandikwa itakuja, uwe na karatasi au usiwe nazo.

Tuanze na leseni. Msafara wa zamani haukuongozwa na yeyote aliyejisikia kuongoza. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, akatembea majuma mengi toka huku bara hadi pwani. Aliyetangulia mbele yao alikuwa kirangozi, mtu aliyeijua njia na visima vyake, aliyekubaliwa na wenzake. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini. Alichomolewa mshale katika podo lake, ili mwisho wa safari atambulikane na kulipa. Tutafakari jambo hili. Mtu yule hakuwa amemdhuru mwenziwe. Alitembea tu mbele ya aliyestahili kutembea mbele. Lakini msafara ulijua kwamba mmoja akijifanya kirangozi, mamia humfuata porini pasipo maji. Faini ile haikuwa bei ya madhara. Ilikuwa ulinzi wa imani ambayo wengi walikuwa wameiweka kwa mmoja.

Leseni nayo ndivyo ilivyo. Mama aliyesimama kando ya barabara iendayo Urambo hawezi kumsaili kila dereva kama alifunzwa. Anavuka kwa kuamini kwamba kuna mtu mwingine aliyemsaili kwa niaba yake. Asiye na leseni anaitumia imani ya mama yule pasipo kuistahili. Hata asipomgonga, amekwisha kumdanganya.

Tuje kwenye bima. Hapa pia mila ina la kutufunza. Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani, Wazaramo wakiwamo, wana utani baina yao, na wachunguzi wengi wa mila wanauhusisha utani huo na safari za misafara. Leo twaujua utani zaidi kwa mizaha ya misibani; lakini chini ya mzaha ule pana wajibu mzito. Mpagazi aliyeugua ugenini alikuwa na mtu wa kumpa maji, na aliyefia mbali na kwao alikuwa na mtu wa kumzika. Watu wale walijua kuwa ajali haina kinga, na kwa sababu hiyohiyo wakaamua mapema nani atabeba mzigo itakapotokea. Basi wanaoitumia methali ile kuwa udhuru wanaipindua maana yake. Kama ajali haiwezi kukingwa, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuiwekea akiba. Bima ni akiba hiyo: wengi huchanga kidogo kidogo, ili yule mmoja atakayepatwa asizame peke yake.

Lakini yatupasa kuwa wakweli. Njia ile tunayoisifu haikuwa njia ya haki kwa wote. Pamoja na pembe za ndovu walipita humo watu waliotiwa minyororo, na hao hawakuwa na mtani. Aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani. Utani ulimlinda aliyejulikana, asiyejulikana ulimpita. Hapa ndipo sheria ya bima inapouzidi utani wa mababu, kwa maana haiulizi aliyegongwa ni wa kabila gani, wala kama ana udugu na mwenye gari. Yamlinda mgeni kabisa. Ilipofika mwaka 1967, biashara ya bima ikakabidhiwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Tangu miaka ya 1990 makampuni binafsi yameruhusiwa tena, lakini wajibu wa mwenye chombo haukubadilika: kujifunga kwa mtu asiyemjua hata kwa jina.

Hebu tuwaze ajali moja ya kawaida. Kijana mwenye pikipiki isiyo na bima anamgonga mkulima anayerudi shamba la tumbaku, na mguu wa mkulima unavunjika. Mahakama yaweza kumhukumu kijana na kumwamuru alipe fidia; lakini hukumu si fedha. Kijana hana kitu, na pikipiki yenyewe huenda si yake. Mkulima anabaki na karatasi yenye mhuri na mguu usiofanya kazi, msimu unapita, watoto wanaacha shule. Kama bima ingalikuwapo, angalikuwa na mahali pa kudai. Na hata mwenye bima asijivune upesi: mkataba wake aghalabu humtaka dereva awe na leseni halali. Sharti hilo likivunjwa, kampuni yaweza kukataa kulipa hasara ya chombo chake, na ikiwa imemlipa aliyeumia, yaweza kumgeukia mwenye chombo na kumdai. Hivyo leseni na bima ni kama mafiga: ukiondoa moja, chungu humwagika.

Wapo watakaosema kuwa gharama hizi ni mzigo kwa maskini. Ni kweli, na serikali yoyote yenye utu haina budi kuzifanya ada ziweze kubebeka na mafunzo yapatikane karibu. Lakini tukumbuke ni nani atembeaye kwa miguu kando ya barabara zetu. Ni maskini huyohuyo. Anayemsamehe dereva bima kwa huruma ya umaskini wake, anamtoza maskini mwingine mguu wake.

Lipo neno moja lililozaliwa katika njia hii ambalo historia yake yatutia aibu. Misafara ilipopita Ugogo na Unyamwezi ilitoa hongo kwa watemi. Hongo ile ilitolewa mchana mbele ya watu, baada ya majadiliano marefu, na msafara ukapata ruhusa ya kupita, maji na chakula. Ilikuwa ushuru wa nchi, ingawa pengine ulizidi kiasi. Leo neno lilelile lina maana ya fedha inayopenyezwa kiganjani kando ya barabara, ili asiye na bima aendelee na safari. Hongo ya kale ilinunua maji kwa msafara mzima. Hongo ya leo hainunui hata bandeji kwa atakayegongwa kilomita mbili mbele.

Sisi tunaoandika haya hatujitoi katika lawama. Siku moja tulisafiri kwa gari la ofisi ambayo hatutaitaja, na katikati ya safari tukatambua kwamba bima yake ilikwisha majuma kadhaa nyuma. Tulicheka, tukasema kazi ya umma haingoji, tukaendelea. Njiani tulimpita mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Alisogea pembeni, akatupungia mkono. Hakuna kilichotokea. Lakini mkono ule umetusumbua hadi leo, kwa maana alitusalimu kama watu waliomlipia dhamana, ilhali hatukuwa tumemlipia.

Basi hilo ndilo jibu letu. Aendeshaye bila leseni na bima, hata akifika salama, amemkosea kila aliyempisha njiani. Ameuweka uhai wa mwenziwe rehani pasipo idhini yake, na kutotokea kwa ajali ni bahati tu, nayo bahati si wema. Adhabu ya sheria ni ule mshale uliochomolewa podoni: haulipizi kisasi, bali unamkumbusha mwenye nao kwamba hayuko peke yake njiani.

Walimu na wanafunzi mtakaopita chini ya miembe ya Tabora, ambayo husimuliwa kuwa ilitokana na kokwa zilizotupwa na wasafiri wa misafara, kumbukeni kuwa kila apitaye huacha kitu nyuma yake. Wale waliacha kivuli. Nasi tusiache yatima.