Nishani ya Usawa

Heshima hupata thamani kwa uadimu wake. Ukiwavika nishani watu wote, hakuna aliyevikwa. Usawa ni kinyume: hauna maana mpaka umfikie kila mtu. Kwa nini basi tunampandisha mmoja jukwaani, tumpigie makofi kwa kupinga mambo ya wa juu na wa chini?

Aristotle aliiona kasoro ya heshima zamani. Heshima, alisema, humtegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea, ndiyo maana hakukubali iwe lengo la maisha. Fikiria kampuni inayoandaa hafla hotelini kuwaenzi akina mama wa kijijini, na wanaofagia ofisi zake hawana hata mkataba. Kwa gharama ya mlo wa usiku mmoja, imenunua sifa ya kupenda haki.

Lakini kuna namna nyingine ya kutambua kazi ya watu. Wangari Maathai alipoanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt mwaka 1977, wanawake wa vijijini Kenya, wengi hawajasoma sana, walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Mche ukikauka hulipwi, hata uwe mke wa chifu. Malipo yalikuwa haba, ila hayakumtafuta aliye bora kuliko mwenzake. Yaliuliza tu kama mti uko hai. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 ilimwendea mtu mmoja, mwanamke wa kwanza Mwafrika kupewa ile ya amani, na aliistahili. Hata hivyo nikiambiwa nichague ipi kati ya hizo mbili inafanana na usawa wenyewe, nitachagua zile senti.

Tuzo kama Nobel, tuseme haki, hutoa sauti, na mnyonge huihitaji sauti. Desemba 2018 Umoja wa Mataifa ulimtuza Rebeca Gyumi wa Tanzania kwa utetezi wa haki za binadamu. Alikuwa amepinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alisubiri 18. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Julai 2016, serikali ikakata rufaa. Tuzo ikaja kesi ingali mbichi. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Hapo naikubali tuzo bila kinyongo, kwa kuwa haikuja kupamba ushindi uliokwisha. Ilikuja wakati bado mtu angeweza kushindwa.

Ila waliompongeza kule New York hawakuwa na cha kupoteza. Tukimfuata Aristotle mpaka mwisho, heshima nzito kuliko zote ingetoka kwa wenye hasara. Chukua binti wa miaka 15 anayekataa posa, mahari imeshapokelewa na ng'ombe wako zizini. Umoja wa Mataifa hauwezi kumheshimu kama wanavyoweza baba yake na wajomba zake. Wao watalazimika kuwarudisha ng'ombe kwa wenyewe, na kumlipia yule aliyekwisha kuuzwa mnadani, kisha wakabili maneno ya majirani. Shughuli kama hiyo haina mfadhili wala mpiga picha, na wajomba wengi wataomba kwanza wapewe muda wa kufikiri.